Milio Mitatu

Ijumaa, baada ya isha, Barabara ya Kumi na Nne,
nimebonyeza kitufe na mashine imenikatalia.
Si kwamba imekufa. Ingekufa ningejua la kufanya,
ningetandika mkeka, ningeita watu.
Feni inazunguka. Taa ya kijani inawaka.
Skrini nyeusi tii kama sufuria ya Bi Mwamtoro,
na kutoka tumboni, milio mitatu:
pii, pii, pii,
kimya, kisha tena,
kama mtu anayebisha hodi
na huku mwenye nyumba ni yeye.

Asubuhi ilikuwa nzima.
Nzito, ndiyo. Unalifungua daftari la upatu,
unakwenda kuchota maji, unarudi, bado linafunguka.
Ndipo nikapanda baiskeli hadi Barabara ya Nane,
kwa Mbelwa wa vipuri. Nikamwambia, iongezee akili.
Akacheka. "Akili siuzi, mama Ushe. Nauza kumbukumbu."
Akanitolea kijibamba cha kijani, mfano wa kitana,
meno yake ya dhahabu.
Elfu thelathini na tano, haishuki.

Kesho saa nne wanakuja wanawake kumi na wanane.
Zamu ya kupokea ni ya Siwatu,
ambaye mabati amekwisha kuyaagiza.
Na daftari la karatasi niliwapa watoto wafungie karanga
mwezi wa tatu, nikijishaua: sasa mambo ni ya kisasa.
Nitawaambia nini? Kompyuta imegoma?
Nawajua. Hata mimi ningesema vilevile:
kala hela huyo.

Nampigia Singano, mtoto wa kaka, yuko Muheza.
"Shangazi, chomoa waya."
Nachomoa.
"Bonyeza kitufe hivyohivyo, ushikilie."
Nashikilia.
"Sasa gusa chuma, utoe umeme wa mwilini."
Umeme wa mwilini!
Luku imebaki yuniti mbili
na mimi natembea na wangu, bure.

Nakitoa kijibamba kipya, naacha cha zamani peke yake.
Inawaka.
Nakitoa cha zamani, naweka kipya.
Milio mitatu.
Naviweka vyote viwili.
Milio mitatu.
"Mbelwa kakuuzia kibovu," anasema Singano,
nami nikaanza kumtungia Mbelwa matusi ya asubuhi,
matusi ya Kitanga, yaliyopigwa pasi.

Lakini kwanza, meno.
Nikachukua kifutio cha Ushe, nikayasugua polepole.
Nikamulika tunduni kwa tochi ya simu:
vumbi, na kipande cha uzi mwekundu wa cherehani.
Nikapuliza.
"Shangazi, ulikikandamiza mpaka kikaita?"
"Kikaita nini?"
"Ta. Pande zote mbili."
Hakikuita. Nilikigusa tu,
kama anayemwamsha baba mkwe.
Kitu cha elfu thelathini na tano,
wewe ungekitia nguvu?

Nikaweka vidole gumba viwili,
nikafumba macho, bismillahi,
nikakandamiza.
Ta, upande huu.
Ta, ule.

Kitufe. Feni. Mlio mmoja, mfupi, wa adabu.
Picha ya harusi ya Mwanaidi ikajitandaza skrini nzima.
Matusi nikayakunja, nikayaweka. Hayaozi.

Daftari likafunguka kabla sijavuta kiti.
Siwatu kalipa. Mwamtoro kalipa.
Hata Mwanaisha, mdaiwa sugu, kalipa.
Nikashuka na kidole mpaka jina la mwisho, langu,
na mbele yake, mwezi huu, kisanduku cheupe.

Nikakitazama.
Saa sita za usiku mashine imepata kumbukumbu mpya,
na mtu wa kwanza kukumbukwa ni mimi.

"Shangazi? Imewaka?"

Imewaka, mwanangu. Imewaka vizuri sana.
Hebu niambie, hapo ulipo,
huna elfu thelathini na tano?